Je, binti aliyesimama pichani alikuwa maiti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye kundi letu la familia la WhatsApp imezunguka picha ya Wazungu wa kale: baba na mama wameketi, binti yao kasimama katikati. Sura za wazazi zina ukungu kidogo, ya binti iko wazi kabisa. Macho yake meupe, mikono imekuwa myeusi, na nyuma ya viatu vyake inaonekana miguu ya chuma. Maelezo yanasema binti ni maiti aliyesimamishwa kwa chuma, na kwamba enzi hizo ilikuwa desturi yao kupiga picha na wafu wao. Shangazi kasema tuifute, ni uchuro. Mimi nataka kujua: ni kweli? Na kama desturi hiyo ilikuwepo, watu walikuwa wanatafuta nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtulize shangazi. Kwa jinsi ulivyoieleza picha, binti huyo alikuwa mzima kama baba na mama yake, na chuma hicho kilichowatisha ndicho ushahidi wangu wa kwanza. Desturi ya kupiga picha wafu ilikuwepo kweli, Ulaya na Marekani, tangu miaka ya 1840 hadi karne ya 20 ilipoanza, wala haikuwa ya kificho. Ila picha zake halisi hazifanani na hiyo yenu.

Njia ya kupiga picha aliyoigundua Mfaransa Louis Daguerre ilipotangazwa Paris mwaka 1839, picha moja ilihitaji dakika nyingi za mwanga mkali. Ukielekeza kamera barabarani, nyumba zilitoka vizuri, lakini watu na farasi waliokuwa wakipita hawakuonekana kabisa, kwa sababu hakuna aliyekaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Kupata sura ya mtu ilikuwa kazi ya kumtesa. Mwaka 1840 Joseph Petzval wa Vienna alibuni lenzi iliyoingiza mwanga mwingi zaidi, na wapigapicha wakajifunza kuongeza kemikali ya bromini juu ya iodini kwenye bamba la fedha lililonasa picha. Kufikia katikati ya miaka ya 1840 muda ulikuwa umeshuka hadi sekunde kadhaa, au nusu dakika siku ya mawingu. Nafuu kubwa, lakini jaribu mwenyewe kusimama sekunde ishirini bila kutikisa kichwa hata kidogo, mbele ya mtu usiyemjua, na fedha yako umeshailipa.

Ndiyo maana kila studio ikawa na kile chuma. Kilikuwa na kitako kizito, fimbo nyembamba inayopandishwa na kushushwa, na juu yake kibanio kilichogusa kisogo. Vingine vilikuwa na cha pili cha kiunoni. Mteja alisimama kwa miguu yake mwenyewe, akaegemeza kichwa kidogo tu, basi. Kitako kilifanywa kizito ili mtu akiegemea kisipinduke, wala si ili kibebe mwili. Na mwili usio na uhai haubebeki hivyo. Ukishawahi kumnyanyua mtoto aliyelala fofofo unajua: shingo inaanguka, magoti yanakunjika, kiuno kinateleza mikononi. Maiti hukakamaa saa kadhaa baada ya kufa, kisha hulegea tena, na hata katika kukakamaa hapati mizani ya kusimama juu ya visigino viwili vyenye soli nyembamba. Kwa hiyo ukiona miguu ya chuma nyuma ya viatu vya mtu kwenye picha ya kale, mtu huyo alikuwa na uwezo wa kutikisika, na mpigapicha alikuwa anauogopa uwezo huo.

Sasa hilo la ukungu. Wanaosambaza picha hizi wanasema maiti hutoka wazi kwa kuwa hapumui, na walio hai hutoka na ukungu kwa kuwa wanapumua. Nusu ya hoja ni sahihi: aliyetikisika hutoka na ukungu. Lakini aliyetoka wazi ni aliyetulia, na katika picha yenu ni nani aliyekuwa na kibanio kisogoni? Binti. Wazazi waliketi tu kwenye viti, pengine bila kibanio, mmoja akameza mate, mwingine akapepesa. Nimeona picha nyingi za familia za miaka ya 1850 ambazo aliye wazi kuliko wote ni babu aliyekuwa anasinzia.

Macho meupe na mikono myeusi ni habari tamu zaidi, maana hapo kemia ndiyo inayodanganya. Mabamba ya wakati ule yaliiona rangi ya buluu kana kwamba ni nyeupe, na rangi nyekundu yaliiona kwa shida sana. Mtu mwenye macho ya buluu mpauko, kama walivyo Wazungu wengi wa kaskazini, alitoka na mboni zilizokaribia weupe. Mpigapicha akaona aibu kumkabidhi mteja picha ya namna hiyo, akachukua sindano au brashi na kuchora mboni juu ya bamba. Leo watu wakiona zile mboni za kuchorwa wanasema, “Tazama, wamemchorea maiti macho.” Na ngozi iliyochomwa na jua hadi ikawa nyekundu ilitoka nyeusi. Binti aliyeshinda nje majira ya kiangazi angetoka na mikono myeusi kama ameshika makaa, ilhali paji la uso lililofichwa na kofia linatoka jeupe.

Kuna picha moja maarufu inayothibitisha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Hippolyte Bayard, karani wa serikali mjini Paris, alikuwa amebuni njia yake mwenyewe ya kupata picha kwenye karatasi, na mwaka 1839 aliionyesha hadharani kabla siri za Daguerre hazijatolewa kwa umma. Serikali ilimpa Daguerre pensheni ya maisha na heshima zote. Bayard akaambulia makombo. Oktoba 1840 akajipiga picha: kifua wazi, shuka kiunoni, macho yamefumbwa, kaegemea upande kama mtu aliyeopolewa mtoni. Nyuma ya picha akaandika kwamba huyu mnayemwona ni maiti ya Bayard, ambaye serikali ilimpa Daguerre kila kitu ikasema haiwezi kumfanyia lolote yeye, naye masikini akajitosa majini. Akaongeza kwamba mabibi na mabwana wapite haraka, wasije wakasumbuliwa na harufu, maana kichwa na mikono vimeanza kuoza. Kweli, uso na mikono pichani ni myeusi. Ni jua tu, na karatasi isiyoona wekundu. Bayard aliishi hadi mwaka 1887. Kwa hiyo mojawapo ya picha za kwanza kabisa za “maiti” duniani ni ya mtu mzima mwenye kinyongo, na tangu siku hiyo macho ya watu hayajaacha kudanganyika kwa njia ileile.

Huenda pia ukaletewa picha za vichanga waliopakatwa na kitu kilichofunikwa shuka, kama mzimu. Hao nao huitwa maiti. Aliye chini ya shuka ni mama, aliyejificha ili picha ionyeshe mtoto peke yake, na amemshika kwa sababu mtoto anafurukuta. Maiti hana haja ya kushikwa asifurukute.

Mbona basi maelezo ya uongo hayaishi? Kwanza, hofu husafiri haraka. Pili, kuna biashara: picha ya kale ya mtu asiyejulikana haina bei kubwa, lakini ukiiandika “picha ya maiti” wakusanyaji wanaongeza dau. Muuzaji anaandika, mnunuzi anaamini, mwingine anainakili na kuirusha mtandaoni, na baada ya miaka michache inakuwa historia.

Sasa tuje kwenye desturi yenyewe, maana hapo ndipo swali lako la pili linapokaa, nalo kwangu ndilo kubwa.

Mjini Boston kulikuwa na studio ya Albert Southworth na Josiah Hawes, watu wa kiwango cha juu katika kazi hiyo Marekani. Tangazo lao la mwaka 1846 lilisema wazi kwamba wanapiga picha za waliofariki, studioni au nyumbani kwa wafiwa, na kwamba wanajitahidi marehemu aonekane kama mtu aliye katika usingizi mzito. Lilikuwa tangazo la biashara kama mengine. Hakuna aliyeshangaa.

Hesabu vifo vya wakati ule utaelewa. Katika Uingereza ya miaka ya 1850, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, wapatao 150 hawakufikisha mwaka mmoja. Waliobaki wakakutana na surua, kifaduro, dondakoo, homa nyekundu na kipindupindu. Familia ingeweza kuzika watoto wawili ndani ya juma moja. Na picha ilikuwa kitu cha kufunga safari: kuvaa, kwenda mjini, kupanda ngazi hadi studio iliyowekwa ghorofa ya juu ili ipate mwanga, kulipa. Watu walisema tutampeleka mtoto akikua kidogo, tutakwenda mavuno yakiisha. Kisha mtoto anaugua Jumatatu, Alhamisi hayupo. Hakuna picha yake hata moja. Huyo mpigapicha anayeitwa nyumbani asubuhi ya maziko anakuja kuchukua picha ya kwanza ya mtoto huyo, na ndiyo ya mwisho.

Sisi tunakosea tunapozitazama picha hizi kana kwamba wazazi walikuwa na za uhai wakachagua ya kifo. Fikiria misiba yetu: kando ya jeneza tunaweka picha kubwa ya marehemu, kapendeza, anacheka, imechapishwa kutoka kwenye simu ya mtu. Ile ni picha ya uhai, na tunayo kwa sababu tulizipiga nyingi bila kufikiria. Kama isingekuwepo hata moja, na mwili uko sebuleni, na mtu mwenye kamera yuko mlangoni, sidhani kama wote tungemrudisha. (Najua nyumba nyingi za Kiislamu hapa pwani zingemrudisha, maana maziko huharakishwa na mwili husitiriwa. Nasema kwa ujumla.)

Kabla ya kamera, matajiri walimwita mchoraji achore marehemu, au fundi achukue umbo la uso kwa plasta. Wasio na uwezo hawakupata chochote. Kamera iliwafungulia mlango watu wa kati, na baadaye hata wa chini, hasa zilipokuja picha za bei nafuu: za kioo miaka ya 1850, kisha zile za bamba la chuma chembamba zilizosajiliwa na mvumbuzi wa Ohio, Marekani, mwaka 1856, ambazo hata kibarua aliweza kumudu.

Kazi ilifanywaje? Southworth mwenyewe aliwaeleza wapigapicha wenzake mwaka 1873. Alisema marehemu huvishwa, hulazwa kwenye sofa kama aliyelala, na viungo hukunjwa taratibu hadi vikalegea vikakubali mkao wa kawaida. Sofa au kitanda husogezwa karibu na dirisha, kwa kuwa hapakuwa na taa ya kutosha. Mtoto mchanga mara nyingi alipakatwa na mama, naye mama humtazama mtoto au hutazama pembeni, mara chache sana kamera. Maiti hatikisiki, kwa hiyo mpigapicha aliweza kuacha lenzi wazi kadiri alivyotaka hata katika chumba chenye kiza. Hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa chepesi katika kazi hiyo. Jarida la wapigapicha la Philadelphia lilichapisha miaka ya 1870 maelekezo ya kufumbua macho ya marehemu kwa mpini wa kijiko cha chai, kwa hiyo siwezi kusema kwamba hakuna aliyewahi kujaribu kumfanya marehemu aonekane yu macho. Wapo waliomketisha mtoto kitini akiwa ameegemezwa mito. Lakini hao ni wachache. Walio wengi wamelala, macho yamefumbwa, na hakuna anayeficha kitu.

Hapo ndipo pa kutofautisha ya kweli na ya uongo. Katika ya kweli utaona kitanda, sofa, au mapaja ya mama. Utaona shuka lililotandazwa kwa uangalifu, ua mkononi, wakati mwingine doa karibu na pua au midomo ambalo mpigapicha hakuweza kulificha, macho yaliyozama kidogo. Kuanzia miaka ya 1880 utaona jeneza lenyewe na mashada, na jamaa wamesimama nyuma. Jambo lenye uzito kuliko yote ni maandishi: jina, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa, yaliyoandikwa ndani ya kijaluba au nyuma ya kadi. Pasipo maandishi, mimi husita hata kwa mtoto aliyelala, kwa kuwa watoto wazima nao hulala, na mpigapicha mwerevu alimvizia mtoto mtundu akiwa usingizini.

Kijaluba nilichokitaja ni cha picha za aina ya Daguerre. Picha hiyo ilikuwa bamba la shaba lililopakwa fedha na kung'arishwa kama kioo, sura ikaibuliwa kwa mvuke wa zebaki. Haikuwa na negativu, yaani nakala mama ya kuchapia nyingine. Ilikuwa moja tu duniani. Ukiishika lazima uigeuzegeuze hadi mwanga ukae sawa, na ukikosea unajiona wewe mwenyewe juu ya uso wa marehemu. Ilifungiwa ndani ya kijaluba chenye mahameli, wakati mwingine pamoja na msokoto wa nywele za mtoto. Kwa kawaida haikutundikwa ukutani. Ilikaa mtotoni mwa kabati na mama akaitoa alipotaka. Baadaye, picha za karatasi ndogo kama kadi zilipoenea kutoka Ufaransa, nakala kadhaa zikawezekana kwa mara moja, na picha ya marehemu ikatumwa kwa posta kwa ndugu waliohamia ng'ambo ambao hawakuwahi kuzika.

Bamba la aina hiyo lilifika pwani yetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Msafara wa nahodha Mfaransa Charles Guillain, uliozunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, ulikuja na kamera na ukapiga watu wa huku, wazima wote, wakiwa wamekakamaa kwa sababu ileile ya binti yenu.

Nje ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Septemba 1862, siku chache baada ya mapigano ya Antietam katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, mpigapicha Alexander Gardner alipiga picha askari waliokufa wakiwa bado wametapakaa shambani. Mwezi uliofuata picha zilionyeshwa New York katika jumba la picha la mpigapicha Mathew Brady, na gazeti la New York Times likaandika kwamba kama Brady hakuzileta maiti na kuzilaza kwenye baraza zetu, amefanya jambo linalokaribia hilo. Mwaka uliofuata, baada ya mapigano ya Gettysburg, Gardner na wenzake walimbeba askari mmoja aliyekufa hadi kwenye mawe, wakamwekea bunduki kando, wakapiga picha nyingine nzuri zaidi. Ilichukua karibu miaka mia moja kabla mtafiti hajalinganisha picha mbili na kugundua kuwa ni mtu yuleyule. Kwangu ulaghai huo ni mbaya kuliko kijiko cha chai, maana yule wa kijiko aliombwa na mama.

Ruhusa ndiyo iliyokuja kuwa shina la mgogoro. Rais Lincoln wa Marekani alipouawa Aprili 1865 na mwili wake kupitishwa mji hadi mji kwa treni, Jeremiah Gurney alimpiga picha akiwa ndani ya jeneza ukumbini New York. Waziri wa Vita, Edwin Stanton, alighadhibika na kuamuru mabamba yaharibiwe. Nakala moja ilisalia, ikakutwa mwaka 1952 katika nyaraka huko Springfield, Illinois, na mvulana wa miaka 14. Ujerumani ilikuwa kali zaidi. Bismarck, aliyewahi kuwa chansela wa nchi hiyo, alipofariki tarehe 30 Julai 1898, wapigapicha wawili wa Hamburg walimhonga mtu wa pale nyumbani, wakaingia usiku kupitia dirishani, wakampiga picha kitandani akiwa na kitambaa kichwani. Walipotafuta mnunuzi, familia ikashtaki; picha zikatwaliwa, nao wakafungwa. Wanasheria wakagundua kwamba hapakuwa na kifungu kinachosema wazi mtu ana haki juu ya sura yake mwenyewe, na sheria ya mwaka 1907 ikaja kuziba pengo hilo. Ikalinda sura ya mtu hata baada ya kufa, kwa miaka kumi, chini ya usimamizi wa jamaa zake. Mimi nikiona picha za ajali ya basi zinavyorushwa kwenye makundi yetu kabla hata mama wa marehemu hajapigiwa simu, huwa nawakumbuka wale wawili wa dirishani. Picha za namna hiyo ndizo ningemwachia shangazi azifute.

Desturi ilififia pole pole. Kamera ya Kodak ya mwaka 1888 na kamera za dola moja za mwaka 1900 zilifanya kila familia iwe na picha za uhai, kwa hiyo haja ikapungua. Watu wakaanza kufia hospitalini, na mwili ukaandaliwa na mtu wa kulipwa badala ya shangazi na majirani. Wajukuu wakarithi kijaluba, wakakifungua, wakashtuka. Lakini haikufa kabisa. Mwaka 2005 ilianzishwa Colorado taasisi ya wapigapicha wa kujitolea, Now I Lay Me Down to Sleep, wanaokwenda hospitalini bure kuwapiga picha watoto waliozaliwa wafu au watakaokufa baada ya saa chache, mikononi mwa wazazi wao. Sababu ni ileile ya mwaka 1846: hakuna nyingine na haitakuwepo nyingine.

Kuhusu picha yenu: ukitaka kujua zaidi, mwombe aliyeirusha akwambie aliitoa wapi, na utafute nakala inayoonyesha ukingo wa chini na mgongo. Studio nyingi zilipiga chapa ya jina lao na mtaa wao hapo. Ukilipata jina, nitumie. Vitabu vya anwani vya miji mingi ya Ulaya na Marekani vya wakati ule vimehifadhiwa, na vinaweza kutuonyesha studio ilikuwa mtaa huo miaka ipi. Na mkibahatika mkakuta na jina la binti, basi mwanzo wa kutafuta ni daftari za ndoa.